Jumamosi Dunga: tujiandae kwa picha

Habari zenu wanachama. Picha zetu za familia ni Jumamosi hii, ufukweni Dunga. Tukutane saa kumi alasiri, tafadhali, si saa kumi na moja. Jua la Kisumu huzama upande wa ziwa baada ya saa kumi na mbili unusu, na ile saa moja ya mwisho ndiyo yenye mwanga mzuri: hauachi vivuli vyeusi chini ya macho, na ngozi zetu zinatoka na rangi ya kupendeza.

Msivae sare. Kila nyumba ichague rangi mbili tatu zinazopatana, kwa mfano rangi ya udongo, kijani kilichokolea na krimu. Nguo za mistari myembamba ziacheni, kwenye kamera huchezacheza. Manjano kali nayo humulika kidevuni, hasa kwa mtoto aliyebebwa. Na jamani, pigeni pasi Ijumaa usiku.

Watoto wale na walale mchana. Hakuna kupanga mstari na kutabasamu kwa amri: tutakula samaki, tutatembea, dani (nyanya) atamsuka mjukuu, na mpiga picha atatufuata hivyo hivyo. Nawaomba sana mje na wazee, hata yule asiyependa kamera. Picha zao tunazo chache mno.

Bebeni viatu vya kubadili, kuna tope. Mvua ikionekana, nitaandika hapa kabla ya saa saba, tuhamie Jumapili.