Muharram isipite kimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe Waislamu wenzangu wa Mbeya kuhusu Muharram, yaani mfunguo nne. Ramadhani hapa Mwanjelwa hakuna asiyeijua: tende na magimbi kila genge, futari inafika hadi kwa majirani Wakristo. Muharram ikiingia, wengi hawana habari, ilhali ni mmoja wa miezi minne mitukufu pamoja na Rajabu, Dhulkaada na Dhulhija, na ndio unaofungua mwaka wa Hijria.

Mtume (s.a.w.) alisema saumu bora baada ya Ramadhani ni ya mwezi huu. Alifunga Ashura, tarehe 10, siku Mwenyezi Mungu alipomwokoa Nabii Musa na Firauni, akakusudia kuongeza na tarehe 9.

Miaka hii mwezi umeangukia kipupwe. Kuamka kula daku kwenye baridi yetu si mchezo, maji ya udhu yanauma vidole. Lakini mchana ni mfupi na koo halikauki. Mimi napika uji wa ulezi na karanga usiku, nautia kwenye chupa ya chai. Alfajiri namimina tu, bado wa moto.

Maimamu wetu, tunaomba mtangaze mapema, Ijumaa ya kabla. Mwaka jana msikitini kwetu habari ya Ashura tuliisikia siku yenyewe, adhuhuri, sisi mama lishe tumeshakunywa chai na kuonja mboga tangu asubuhi. Iliniuma sana. Madrasa nazo ziwafundishe watoto miezi yote 12.

Mama lishe,
Mwanjelwa, Mbeya