Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: CT-Scan inatengenezwa lini?

Ndugu Mganga Mfawidhi,
Hospitali yetu ya Rufaa ya Mkoa.

YAH: CHUMBA CHA CT-SCAN KUFUNGWA BILA MAELEZO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa heshima, Daktari, nikijua kazi ni nyingi na wagonjwa hawapungui. Kisanduku cha maoni pale mapokezi nimekilisha karatasi mpaka nikaona aibu. Kufuli lake limeota kutu, sijui kama hata ufunguo bado upo. Ndiyo maana leo naandika hadharani, utanisamehe.

Wiki iliyopita mama yangu mdogo alianguka akiwa gengeni kwake, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hausikii. Tulimpakia kwenye bajaji na kabla ya saa tatu asubuhi tulikuwa dirishani kwenu. Daktari kijana wa zamu alimpokea vizuri, namshukuru na wala simlaumu. Alitueleza wazi kwamba kiharusi kiko cha mshipa kuziba na kiko cha mshipa kupasuka, na dawa inayomfaa wa kwanza inaweza kummaliza wa pili. Bila picha ya kichwa hawezi kubahatisha. Picha ni CT-Scan. Na CT-Scan ya mkoa mzima iko nyuma ya mlango wenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: MASHINE NI MBOVU, SAMAHANI KWA USUMBUFU. Gundi ya karatasi hiyo imeshakuwa ya kahawia. Haina tarehe. Nilichungulia kwenye kioo nikaiona mashine yenyewe imefunikwa shuka la wodi, juu ya kitanda chake mmepanga maboksi ya glovu.

Kwa hiyo stoo tunayo, hongereni.

Siku ya kuizindua nilikuwepo, Daktari. Maturubai, ngoma, utepe ukakatwa. Tukakumbushwa kwamba ni matunda ya ule mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, fedha za UVIKO, na kwamba mgonjwa wa mkoa huu hatasafiri tena kwenda kupiga picha ya kichwa. Tulipiga makofi, mama mdogo akiwemo. Mkopo huo tutaulipa sisi, pamoja na yeye aliye kitandani sasa.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, ila mafuta tukaambiwa ni ya ndugu. Mpaka mchango ukamilike kwenye grupu la ukoo jua lilishavuka utosi, na tulifika hospitali ya kanda usiku. Huko walipiga picha: mshipa umeziba. Waliuliza mbona tumechelewa hivi. Nilitamani ungekuwepo uwajibu, maana ni nyinyi wataalamu mnaotufundisha redioni kwamba kiharusi ni mbio, kwamba kuna dawa za kuyeyusha damu iliyoganda ambazo hazisubiri zaidi ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Sasa haongei. Genge limefungwa, wanawe wawili wa sekondari wamehamia kwangu, na mimi nina deni la kikoba ambalo sijui nitalianzia wapi. Usiku namgeuza kila baada ya muda asipate vidonda, asubuhi naenda kazini nikisinzia.

Nimejaribu kuuliza tatizo ni nini. Mmoja kasema umeme ulikatika ukaunguza kifaa. Mwingine kasema mkataba wa matengenezo umekwisha na kipuri kinasubiriwa kutoka nje. Mwingine eti mtaalamu wa mionzi alihamishwa. Mimi nahisi ni mkataba, kwa sababu tunanunua kitu kwa mabilioni halafu tunasahau kwamba kina huduma yake kila mwaka. Wapo pia wanaosema kuna watu wananufaika na vipimo vya nje. Hilo silidaki, sina ushahidi. Lakini mkikaa kimya, watu watajijibu wenyewe.

Tangu 2017, hospitali za rufaa za mikoa zilipotolewa TAMISEMI na kuwekwa chini ya Wizara ya Afya, nikiuliza mkoani naambiwa hilo ni la wizara. Nikipiga simu wizarani naambiwa nimwone Mganga Mfawidhi. Haya, nimekuja kwako, naomba usinirudishe mkoani. Tena tunahimizwa tujiandae kwa Bima ya Afya kwa Wote, sheria imepita 2023, sawa kabisa. Ila kadi ya bima haifungui mlango wenye kufuli.

Hii si hospitali ya watu wa mjini peke yao. Zahanati inapeleka kituo cha afya, kituo kinapeleka wilayani, wilaya zote zinaleta kwako. Wengi wetu tumezaliwa katika wodi zako, damu ya benki yako tunachangia sisi na wanafunzi wetu. Wilayani hawajui kwamba mashine imekufa! Siku ile ile niliona mgonjwa wa ajali ya bodaboda akishushwa, kichwa kimevimba, barua ya rufaa imeandikwa "kwa ajili ya CT-Scan". Naye akaonyeshwa ile karatasi.

Nilikusudia kuomba mashine itengenezwe, gari liwe na mafuta, na aliyehusika awajibishwe. Bado nayaomba. Lakini kama hayo ni makubwa, basi piga simu leo hospitali za wilaya, uwaambie CT-Scan haifanyi kazi, wagonjwa wa kichwa wapelekwe kanda moja kwa moja bila kupotezewa saa kwako. Na ile karatasi mlangoni ibadilishwe, iandikwe tarehe ya mashine kupona.

Naomba tarehe, Daktari. Hata ikiwa ni mwakani, iandike.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi anayemuuguza mama yake mdogo.