Mtoto atuzwe kwa alichotenda, si kwa kilo alizopunguza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu ambao watoto wao wana uzito uliozidi kiasi kinachofaa kwa umri na kimo chao, hasa wale wanaofikiria kuwaahidi zawadi ili wapungue. Nami niliwahi kuwa mmoja wao. Mwanangu alipokuwa na umri wa miaka 10 nilimwahidi baiskeli endapo angepunguza kilo 5 kabla ya mwisho wa muhula, nikiamini kwamba nimempa sababu nzuri ya kujitahidi. Alianza kuamka alfajiri na kupanda kwenye mizani kabla hata hajanawa uso, akaacha kula asubuhi, akakataa hata maji siku alizojua kwamba tutampima, na jioni, njaa ilipomshinda, nilimkuta amejificha akila kwa pupa vitu nilivyokuwa nimemkataza. Baiskeli hakuipata, na kwa miezi kadhaa hakutaka mizani itajwe mbele yake.

Muuguzi mmoja aliyetupokea kwa upole mkubwa ndiye aliyenieleza kwamba kosa halikuwa zawadi, bali kile nilichokitolea zawadi. Mtoto hawezi kuamua asubuhi kwamba leo atapungua nusu kilo, lakini anaweza kuamua kunywa maji badala ya soda, kuonja mboga asiyoizoea, kutoka nje akacheze, au kulala saa iliyopangwa. Tena mtoto bado anakua. Wengi wao hawahitaji hata kupungua, bali hushauriwa wabaki na uzito ule ule huku kimo kikiongezeka, ili uwiano wa uzito na urefu urejee polepole mahali pake. Mtoto wa namna hiyo anaweza kutimiza kila alichoagizwa kwa miezi 3 na mizani isionyeshe badiliko lolote, na mzazi aliyeifunga zawadi kwenye mizani atakuwa amemnyima mtoto aliyetii.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wenye umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na miongoni mwao milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Hili si jambo la familia chache zilizozembea, na wazazi wanaolibeba kwa aibu wanajitwisha mzigo usio wao peke yao.

Najua wapo watakaosema kwamba kumpa mtoto zawadi ili ale mboga ni kumhonga, na kwamba zawadi ikikoma, tabia nayo itakoma. Hoja hiyo ina msingi, na siidharau. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Wale walioahidiwa cheti kwa ajili ya kuchora, walipoachwa baadaye wachague wenyewe cha kufanya, walichora kwa takribani nusu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Ahadi ilikuwa imegeuza mchezo kuwa kibarua. Kwa hiyo mtoto anayekimbilia mpira mwenyewe kila jioni asiahidiwe chochote kwa kucheza mpira. Aachwe na furaha yake.

Lakini mtoto anayeichukia mboga hana mapenzi ya kuharibiwa. Katika utafiti uliofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011, watoto wa miaka 4 hadi 6 walipewa kila siku, kwa siku 12, kipande kidogo cha mboga wasiyoipenda ili waionje. Baadhi walipewa stika kila walipoonja, wengine walipongezwa kwa maneno tu. Miezi 3 baadaye makundi hayo mawili bado yalikuwa yakila mboga ile zaidi kuliko watoto ambao hawakufanyiwa lolote. Nawaomba wazazi waone ni kitu kidogo kiasi gani kilichofanya kazi hiyo: stika, au neno la pongezi, kwa kuonja tu na wala si kwa kumaliza sahani. Zawadi ilimfikisha mtoto kwenye kile alichokuwa akikikwepa, na kuonja mara kwa mara kukamzoesha.

Zawadi yenyewe nayo ina masharti yake. Isiwe chakula kamwe. Mzazi anayesema "maliza mboga ndipo nikupe keki" anamfundisha mtoto kwamba mboga ni adhabu na keki ni thawabu, yaani kinyume kabisa cha alichokusudia. Isiwe pia saa za ziada za kutazama televisheni au kuchezea simu. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1995 kwamba watoto wa miaka 8 hadi 12 waliotuzwa kwa kupunguza muda wa kukaa tu walipunguza unene zaidi kuliko waliotuzwa kwa kufanya mazoezi, tena wakazidi kuipenda michezo ya nguvu. Kwetu kilichofaa kilikuwa muda wangu: kuchagua mchezo ambao mimi na yeye tutacheza jioni, kupanga matembezi ya mwisho wa wiki, au kuongezewa hadithi moja kabla ya kulala. Zawadi itolewe siku ile ile, kwa sababu mwisho wa muhula ni mbali mno machoni pa mtoto. Na nyota aliyokwisha kuipata kwenye karatasi ya kuhesabia alichotimiza isifutwe kwa kuwa baadaye aliteleza. Alichokitenda asubuhi alikitenda kweli.

Jambo lililonigharimu zaidi ni kukubali kwamba nami natakiwa kubadilika. Mwaka 1990 mtafiti Leonard Epstein na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto kwa miaka 10, yakionyesha kwamba waliosaidiwa pamoja na mzazi wao, wote wawili wakituzwa kwa mabadiliko yao, walidumisha nafuu kuliko wenzao. Ni kweli kwamba katika mpango ule hata kupungua uzito kulituzwa, lakini ulisimamiwa na wataalamu, usimamizi ambao mzazi aliye peke yake nyumbani hana. Basi karatasi hiyo ya nyota tuliyobandika ukutani ilikuwa na majina yetu sote, na ndugu zake wembamba wakiwemo, maana soda haimfai mwembamba pia. Hakuna aliyeonyeshwa kidole kama mgonjwa wa nyumba, na tulikubaliana kwamba hakuna atakayemwita mwenzake kibonge, hata kwa utani.

Kadiri tabia ilivyozoeleka tulipunguza zawadi, kwanza ikawa baada ya siku mbili, kisha mara moja kwa wiki, lakini pongezi hatukuziacha. Mwezi wa nne tangu tuanze niligundua kwamba karatasi ilikuwa na wiki mbili haijajazwa na hakuna aliyeuliza, ilhali maji yalikuwa yakinywewa na matembezi yakiendelea. Siwezi kusema kwamba mwanangu amekuwa mwembamba. Amerefuka, hahemi tena akipanda ngazi, na anakula mezani pamoja nasi bila kujificha.

Nimalizie kwa ombi kwa walimu, ambao kwa nia njema kabisa huwagawia peremende watoto waliojibu vizuri darasani. Mtoto anayejitahidi nyumbani hawezi kukataa zawadi ya mwalimu mbele ya wenzake, wala hapaswi kuwekwa katika mtihani huo. Apewe penseli, au aruhusiwe kuchagua mchezo utakaochezwa na darasa zima wakati wa mapumziko. Atafurahi vile vile, na mzazi wake hatalazimika kumweleza jioni kwa nini kile kinachokatazwa nyumbani ndicho tuzo ya shuleni.

Wako,
Mzazi wa watoto watatu