Wifi, siku ile ya Idd mie sikukuonea kijicho

Wifi,

Simu hupokei, meseji zinaonyesha tiki mbili za bluu halafu kimya, basi nakuandikia hapa maana najua unapitaga.

Kaka kaniambia juzi mmeanza kumpeleka mtoto mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki. Nimelia jikoni peke yangu, alhamdulillah. Halafu nikakasirika, sikufichi, maana Idd ile alikuwa na miezi 10 na sasa anakimbilia miaka miwili.

Kwa mama Makorora, tumejazana mkekani barazani, sinia la visheti katikati. Nimemlaza chali namchezesha, nikamshika mikono nimnyanyue akae, kichwa kikabaki nyuma kinaning'inia kama cha mtoto wa mwezi mmoja. Nikataka kumpa kijiko achezee, kiganja hakifunguki, dole gumba limefumbatwa ndani, miguu imepishana kama mkasi. Miezi 10 wifi! Mtoto wa miezi mitatu minne shingo ishakaza na ngumi zishafunguka. Ndo nikasema, "Wifi, huyu mtoto tumpeleke kwa daktari."

Ukamnyakua. Ukasema, "Wewe tumbo lako halijawahi kubeba, utajua nini? Toa kijicho chako kwa mwanangu." Baraza zima kimya. Mama akaanza kukusanya vikombe na chai bado imo.

Lile neno la tumbo nalala nalo naamka nalo.

Mapacha wa marehemu dada nimewalea mie toka wana wiki mbili, unajua. Mmoja alikaa na miezi sita, mwenzie minane, na huyo wa pili hakutambaa hata siku moja, aliburuta makalio mpaka akasimama. Najua watoto hawalingani. Kutembea wengine miezi 9, wengine mwaka na nusu, na mie sikukuuliza kutembea, nilikuuliza shingo. Wewe ulishika kadi ya kliniki, uzito unapanda, mstari uko kwenye kijani, chanjo zote kapata mpaka ya surua ya miezi 9. Sawa, lakini mizani inapima kilo tu wifi, shingo haiijui.

Kosa langu ni kusema mbele za watu, hilo nakupa. Ila ningekuita chumbani ungenisikiliza? Mara ngapi nilikwambia kwa upole mtoto wa miezi miwili anatakiwa akikutazama acheke, ukanijibu huyu kafuata upole wa baba yake.

Na kuna jingine sijawahi kulitamka. Wiki ile ya kwanza alipokuwa wa njano mpaka nyayoni, analala tu hanyonyi, wazee wakasema aanikwe jua la asubuhi. Mie ndo nilikuwa namtoa uani na kanga yangu. Manjano makali hivyo ni ya kukimbiza hospitali siku ileile, yakipanda yanaumiza ubongo, na mie niliyewalea wawili nikakaa pale nampepea nzi. Chanzo atasema daktari. Lakini ndo maana ile Idd sikuweza kunyamaza, nilishanyamaza mara moja.

Sasa nisikilize. Wakikwambia umchimbie shimo la mchanga ufukweni asimame humo, kataa. Mbebe ubavuni miguu ikiwa imeachana, usimbane mgongoni na mapaja yamebanana. Ongea naye ukimwogesha, mtajie kila kitu, asikuzoee kimya. Na usimpimishe na mtoto wa jirani, hata kama mama yake anajisifu dirishani kila asubuhi.

Fundi mmoja hapa Ngamiani ananitengenezea kiti cha pembe, yaani mgongo wake kama kona ya ukuta, mrefu na kijimeza mbele awekee mikono. Vipimo nilimpa vya kukisia, mtoto sijamwona mwaka sasa. Chukua futi ya kushonea, nipimie toka makalio mpaka nyuma ya goti, na goti mpaka kisigino. Kama hutaki kuniandikia mie mpe kaka anitumie, ila kabla ya Ijumaa maana fundi anataka kupigilia meza.