Maziwa yote yanaenda kituoni, mtoto anabaki na uji mtupu

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na mimi niseme kuhusu hili la udumavu, yani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, maana kila mwaka linatajwa kwenye mikutano afu linaishia hapo hapo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionesha watoto wa chini ya miaka 5 waliodumaa nchi nzima ni asilimia 30, ila Iringa ni karibu 57 na Njombe 50. Na huku ndo mahindi yanatoka, viazi vinatoka, maziwa ndo usiseme.

Pita barabara yoyote ya kijijini alfajiri uone bodaboda zilivyofungwa madumu na keni zinakimbilia kituo cha kukusanyia maziwa, afu ingia kwenye nyumba ile ile ng'ombe alikokamuliwa, utakuta mtoto wa mwaka na nusu anapewa uji wa sembe na sukari, hata kijiko cha maziwa hamna. Sisemi watu wasiuze, hela ya maziwa ndo ada na ndo mbolea, hata mimi nafuga. Nachosema kikombe cha mtoto kitolewe kabla dumu halijafungwa.

Wengi tukisikia maziwa na mifupa tunawaza kalsiamu tu. Kalsiamu ni muhimu kweli, lakini mfupa ni kama nguzo ya zege, kalsiamu ndo saruji na kokoto, nondo zake ni protini inaitwa kolajeni, na nguzo bila nondo haiendi juu. Sasa mwili kutengeneza kolajeni unahitaji laisini, moja ya vijenzi vya protini, na mahindi laisini yanayo kidogo sana, kwa hiyo unaweza kumshibisha mtoto uji mpaka acheue na mfupa bado una njaa. Maziwa yanayo ya kutosha. Glasi moja ya robo lita ina protini kama gramu 8 na kalsiamu karibu miligramu 300, wakati mtoto wa mwaka 1 mpaka 3 anahitaji protini kama gramu 13 tu kwa siku, yani glasi moja imeshavuka nusu.

Afu kuna hili ambalo mimi lilinishangaza nilipolisoma. Denmark waliwachukua watoto wa kiume wa miaka 8, kundi moja wakawapa lita moja na nusu ya maziwa kwa siku, kundi lingine wakapewa nyama yenye protini kiasi kile kile, kwa wiki moja tu. Kuna homoni inaitwa IGF-1, hiyo ndo inaamsha lile gegedu, ule mfupa laini wa mwisho wa mfupa ambako urefu unaongezeka. Kwa wale wa maziwa ilipanda asilimia 19, wa nyama haikupanda. Baadae wakatenganisha protini za maziwa wakaona inayoipandisha ni kaseini, ile inayoganda ukitengeneza mtindi.

Mtu atasema hao ni wazungu. Haya, twende Embu hapo Kenya, mwishoni mwa miaka ya 90, shule 12, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanapewa githeri, yani makande, wengine imewekwa nyama, wengine mafuta tu, wengine na glasi ya maziwa pembeni, na kundi lingine halikupewa kitu. Watoto waliokuwa wafupi tangu mwanzo wakipewa maziwa waliongezeka urefu kama asilimia 15 zaidi ya wale ambao hawakupewa kitu. Nyama nayo ilisaidia misuli na masomo, siibezi, ila kwenye urefu wa wale wafupi maziwa yalionekana.

Jibu ninalolisikia sana ni kwamba sisi ni wafupi kwa asili, ni ukoo. Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolishwa vizuri na kunyonyeshwa, likakuta mpaka miaka 5 wanakua karibu sawa sawa. Ukoo upo ila mtoto wa miaka 2 huwezi kumsingizia babu yake.

Naomba nisieleweke vibaya kwenye umri. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, na yale ya kwanza ya njano yasikamuliwe yakamwagwa kama wengine wanavyofanya, yana protini inaitwa laktoferini nyingi mno, na huko maabara imeonekana inachochea seli zinazojenga mfupa. Chini ya mwaka mmoja ya ng'ombe yasichukue nafasi ya kunyonya, chuma ni kidogo na yanaweza kumletea mtoto upungufu wa damu, kidogo kwenye uji baada ya miezi 6 sawa. Na yachemshwe jamani, hayo ya kunywa yakiwa ya moto kutoka kwenye chuchu yanaleta ugonjwa wa brusela na kifua kikuu. Mtoto yakimsumbua tumbo mpe mtindi, na asiye na ng'ombe asikate tamaa, dagaa wa kusaga na yai vinasaidia sana.

Kinachoniuma zaidi ni kliniki. Mtoto wa dada yangu ameenda kliniki tangu azaliwe, kadi imejaa uzito, sehemu ya urefu ni tupu, na alipouliza akaambiwa ubao wa kupimia upo stoo. Mtoto anaweza kuwa na uzito wa kuridhisha huku amedumaa, sasa bila ubao utajuaje? Halmashauri zetu zinakusanya ushuru kwenye mazao haya haya, zinunue mbao za kupimia kila zahanati na wahudumu wafundishwe kuzitumia. Na vituo vya maziwa vinavyokutana na wafugaji kila asubuhi, vibandike tangazo pale pale kwenye mzani, mfugaji aulizwe: mtoto umemwachia?

Mfugaji na msomaji wenu,
Njombe