Mkiandika kuwa mtoto kapata ufadhili wa mbio, andikeni na kiasi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi nikitoka zamu ya usiku, huku Columbus, Ohio, ninakofanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ukurasa wa michezo ndio naanza nao. Nikikuta habari kwamba kijana fulani kapata ufadhili wa kusoma Marekani kwa ajili ya mbio, huisoma hadi mwisho nikitafuta jambo moja: ufadhili wenyewe ni wa kiasi gani? Haliandikwi. Naomba liwe linaandikwa.

Binti yetu wa pili anakimbia mita 800. Mwaka wake wa mwisho sekondari alifika dakika 2 na sekunde 14, makocha wa vyuo wakaanza kupiga simu. Habari ikafika Musoma kabla sisi wenyewe hatujaielewa. Shemeji akapiga: "Hongereni, sasa mmepumua, mtoto anajisomesha kwa miguu yake." Mjomba wangu, ambaye ujanani alimfuatilia Suleiman Nyambui redioni, akisoma Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso na kuchukua medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow 1980, alishindwa kuongea kwa furaha. Sikupata moyo wa kumwambia kwamba kocha aliyemtaka sana binti yetu alikuwa anatoa dola 6,000 kwa mwaka, na gharama ya chuo chake ni dola 47,000.

Kocha hakutudanganya. Riadha haina fedha za mpira wa kikapu. Hata kwenye vyuo vya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, hadi mwaka 2025 kanuni ziliruhusu ufadhili kamili 18 tu kwa timu nzima ya wanawake ya riadha na mbio za nyika, na kocha aliukata vipande ili wengi wapate kidogo kidogo. Baada ya maafikiano ya kesi ya wanamichezo wa vyuo iitwayo House, yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyoyakubali havina tena kikomo hicho, vina kikomo cha idadi ya wakimbiaji. Lakini kuruhusiwa kutoa si kutoa. Na mara nyingi ahadi ni ya mwaka mmoja, halafu inaangaliwa upya.

Sisi ni watu wa katikati. Mume wangu anaendesha basi la jiji. Mapato yetu wawili kwa mwaka yanafika dola 104,000, na najua ukiyageuza shilingi tunaonekana matajiri. Ondoa kodi, mkopo wa nyumba, bima ya afya, na kaka wa binti yetu ambaye naye yuko chuoni. Tulijaza fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, FAFSA. Ruzuku ya Pell, fedha za serikali zisizorudishwa kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ambayo kiwango chake cha juu ni dola 7,395, hatukupata hata senti. Zamani kiasi ambacho fomu hiyo ilikadiria familia inaweza kulipa kiligawanywa kwa idadi ya watoto walioko chuoni. Tangu mwaka wa masomo 2024/25 hakigawanywi tena, na hilo lilituuma sisi wenye wawili kwa mpigo.

Barua ya chuo cha kocha yule ilipofika tuliisoma mezani jikoni, saa nne usiku, nikiwa tayari nimevaa sare za kazi. Chini kabisa waliandika: jumla ya msaada, dola 31,500. Binti akaruka kwa furaha. Baba yake akachukua kalamu nyekundu, akaanza kupitia mstari mmoja mmoja. Mkopo wa mwanafunzi, 5,500, akaukata. Mkopo wa mzazi, 20,000, akaukata. Ikabaki ile 6,000 peke yake. Deni lilikuwa limepangwa safu moja na zawadi, kwa maandishi yaleyale. Mtoto alitazama ile karatasi muda mrefu bila kusema neno, na mimi nikaondoka kwenda kazini nikiwa na uchungu ambao hadi leo naukumbuka.

Chuo alikoenda ni cha Daraja la Tatu, humuhumu Ohio. Huko kanuni zinakataza kabisa kutoa fedha kwa ajili ya michezo. Lakini walitazama alama zake na mapato yetu, wakatoa dola 43,000 kati ya gharama ya 64,000 kwa mwaka, na hizo hatuzirudishi. Anachukua ule mkopo mdogo wa mwanafunzi, sisi tunalipa karibu dola 1,300 kila mwezi. Ni nzito, ila tunaibeba. Anakimbia vilevile, na akiumia goti kesho ada haibadiliki. Miaka minne tulimwamsha alfajiri kwa mazoezi na kutumia maelfu ya dola kwa safari za mashindano ya kiangazi. Kilichomlipia ni zile jioni za hesabu na kemia.

Kwa mtoto atokaye nyumbani hali ni ngumu zaidi. Akija kwa viza ya mwanafunzi hapati ruzuku wala mkopo wa serikali ya Marekani, na muhula ukiwa unaendelea anaruhusiwa kufanya kazi palepale chuoni, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Kinachobaki baada ya ufadhili ni cha mzazi, na lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza kabla mtoto hajapewa karatasi za viza.

Wiki iliyopita alinipigia mama mmoja tuliyesali naye kanisa moja zamani. Mwanawe kapata ufadhili wa mbio, gazeti limeandika, na mama huyo amepata mteja wa kiwanja chake ili apate nauli na "vitu vidogovidogo". Nikamuuliza barua inasema ufadhili ni kiasi gani, na kwa miaka mingapi. Akasema barua anayo mtoto, yeye kaona gazetini tu. Nimemsihi anitumie picha ya barua hiyo kabla hajasaini mauzo. Bado naisubiri.

Mzazi wa mkimbiaji,
Columbus, Ohio