Barua ya wazi kwa binamu yangu: Mjomba wako si wa kuhurumiwa

Binamu yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Tabora. Ujumbe wako wa rambirambi ulitufikia siku ya pili ya matanga, nikamsomea Mama kwa sauti mbele ya wafiwa, naye akakuombea dua ndefu. Hata hivyo kuna sentensi moja imenikaa kooni hadi leo tunapomaliza arobaini: ile uliyosema kwamba unamwonea huruma Mjomba kwa kuwa alifanya kazi maisha yake yote bila kupumzika. Nakujibu hadharani kwa sababu hukuwa peke yako. Watu wengi waliokuja msibani walisema vivyo hivyo, tena kwa mapenzi, na kila niliposikia nilitamani kusimama niseme kwamba huyo wanayemtaja si baba yangu.

Baba alizaliwa mwaka 1938, akaajiriwa mwaka 1959, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, akiwa kibarua katika genge la njia upande wa Usinge na Malagarasi. Njia hiyo waijua: ni ile ya upana wa mita moja iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inayopita kwenye mbuga ambazo masika hugeuka maji matupu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mwajiri alibadilika jina lakini nyundo ya Baba ilibaki ile ile.

Nataka nikusimulie asubuhi moja ambayo wewe hukuiona, maana ulikuwa hujaletwa kwetu bado. Nilikuwa na miaka tisa. Zamu ya kukagua njia ilikuwa yake, akaniruhusu nimfuate, yeye mbele na spana begani, mimi nyuma nikirukaruka kwenye mataruma yanayobeba reli. Kila alipofika kwenye maungio ya reli aliinama, akagonga boliti, akasikiliza. Aliniambia kwamba pale kati ya reli na reli huachwa nafasi ndogo kwa kuwa chuma hutanuka juani, na kisipopata pa kutanukia hupinda. Kisha akanipa nyundo. Nikagonga boliti nne, akaniuliza nimesikia nini, nikasema zote zinalia sawa. Hakunikemea. Alinirudisha kwenye ile ya kwanza, tukagonga upya moja baada ya nyingine, mpaka ya tatu nikaisikia ikitetema kwa mbali kama sufuria yenye ufa. Akacheka kwa furaha, akaikaza, tukaendelea na safari. Hiyo ndiyo kazi ya Baba ninayoijua mimi. Mtu anayeburuzwa na kazi hapotezi nusu saa kumfundisha mtoto kusikiliza boliti.

Wala hakuwa mtu wa kuiachia nyumba ijiendeshe kwa sababu yeye ndiye aletaye mshahara. Mama alipojifungua pacha na kuugua kwa muda wa miezi miwili, Baba aliomba likizo, akawa anafua nepi pale kwenye bomba la kota mchana kweupe, mbele ya wanaume wenzake waliokuwa wakimcheka. Hakuwajibu neno. Alizianika kwa mpangilio, za mmoja huku na za mwenzake kule, nami mpaka leo sijui alizitofautishaje.

Na kupumzika, binamu, alipumzika. Umelisahau bao? Siku zisizo za zamu, baada ya swala ya alasiri, mkeka ulitandikwa chini ya mwembe na kete zote 64 zikatolewa kwenye kimfuko cha kaniki. Wewe ndiye uliyekuwa ukizihesabu kabla ya mchezo kuanza, 32 kwake na 32 kwa mpinzani. Aliyekuja na habari za kazi wakati wa namu, ile hatua ya kwanza ya mchezo, aliambiwa aketi asubiri, hata angekuwa mnyapara wake. Alipenda kazi yake kwa sababu alijua pia kuiweka chini, na hilo ndilo ambalo waliokuwa wakimhurumia pale msibani hawakulijua.

Alistaafu mwaka 1993, tukadhani sasa atakaa. Akaenda msituni kwenye mizinga. Mwanzoni alitengeneza mizinga ya magome kama alivyofundishwa na babu, lakini mti uliobanduliwa gome pande zote hukauka, na kila alipopita kwenye miyombo aliyoibandua mwenyewe alirudi nyumbani akiwa kimya. Ndani ya miaka michache aliiacha yote akahamia mizinga ya mbao, kisha akawafundisha vijana wa jirani bila kuwatoza hata senti. Alipotimiza miaka 80 Mama alimkataza kupanda miti. Alitii, akawa anakaa chini na kijinga cha moto, akiwaelekeza waliopanda.

Mwaka juzi aliomba apelekwe kwa bodaboda akaone tuta la reli mpya. Mjukuu wake akamweleza kwamba hii upana wake ni milimita 1,435 na mataruma yake ni ya zege. Baba alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza jambo moja tu: asubuhi ataipita nani kwa miguu?

Alifariki akiwa usingizini, baada ya kula chakula cha usiku na kuuliza habari zako.

Jana nilifungua kimfuko kile cha kaniki ili nilitunze bao lake, nikazihesabu kete kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Komwe, zile mbegu za kuchezea, ni 63. Ya 64 ni kokoto ndogo ya njiani, ambayo imeshikwa na vidole mpaka ikalainika. Nilimuuliza Mama, akaniambia kwamba mwaka 1986, siku uliyopanda treni kwenda Dar es Salaam, ulitia kete moja mfukoni ukidhani hakuna aliyekuona. Baba alikuona. Jioni ile ile aliokota kokoto hiyo pembeni mwa reli, akaitia mahali pake, na kila walipotaka kumletea komwe nyingine alikataa, akisema mwenye nayo atarudi nayo.

Njoo nayo.

Dada yako,
Tabora